Bua la Shamba la Shule

Jana nilifungua pakiti ya glukosi niliyoinunua sokoni Manundu. Harufu yake tamu ikanipanda puani, na hasira nayo ikapanda.

Enzi za vijiji vya ujamaa, kwetu Handeni, tulilima shamba la shule asubuhi kabla ya masomo, matumbo yakiwa matupu. Siku moja rafiki yangu alivunja bua la mahindi, akalitafuna na kufyonza maji yake matamu. Mwalimu akamchapa fimbo viganjani mbele yetu sote.

"Hiyo ni mali ya kijiji," alisema.

Kisha mwalimu yuleyule akaingia darasani kutufundisha kwamba chembe hai za mwili huvunjavunja sukari kidogo kidogo, kwa msaada wa hewa tunayovuta, na hapo ndipo nguvu zetu zinapotoka.

Rafiki yangu akanyoosha mkono uliovimba. "Mwalimu, na sukari ikikosekana?"

"Mwili hujila wenyewe. Mafuta kwanza, halafu nyama. Andikeni."

Tukaandika, naye akakaa mezani kukoroga sukari kwenye chai yake. Rafiki yangu hakuandika. Alikitazama kile kijiko mpaka kikaacha kuzunguka.