Betri za Masikio ya Mama

Mume wangu ana kazi ambayo kila nikiitaja watu hunitaka nirudie. Anatengeneza vipima mwanga. Siyo kamera, jamani, vipima mwanga: vile vidude vya zamani vya kushika mkononi, ambavyo mpiga picha huvielekeza usoni kwa bibi harusi, mshale ukacheza, naye akajua afungue tundu la kamera kiasi gani. Simu za siku hizi zinajipimia zenyewe. Lakini wapo watu ambao bado wanapiga picha kwa filamu, na hao wote, sijui wanapeana taarifa wapi, huishia mlangoni kwetu. Mtaani wanamwita Mshale. Na mimi namwita hivyo nikiwa na hasira, yaani karibu kila siku.

Shida ya vidude hivyo ni chakula chake. Viliundwa vitumie betri za zebaki, na zebaki ni sumu, kwa hiyo betri zile hazitengenezwi tena. Ukiweka betri ya kawaida ya dukani, nguvu inazidi. Mshale unaruka juu, unadanganya kwamba mwanga ni mwingi, mpiga picha anabana tundu, na picha zinatoka giza tupu, bwana harusi haonekani ila meno. Mume wangu akifika hapo katika maelezo yake hushika kichwa utadhani harusi ni yake. Dawa aliyoipata ni betri ndogo za mashine za masikio, zile wanazovaa watu wasiosikia vizuri. Nguvu yake inakaribiana na ya zebaki, haipandi wala haishuki ovyo. Ina vitundu vidogo vilivyozibwa kwa kibandiko cha bluu. Ukikibandua hewa inaingia, betri inaamka, na ikishaamka haina kulala tena, utumie usitumie, baada ya wiki kadhaa imekauka. Kwa kuwa inapwaya kwenye nafasi yake, yeye huikatia pete ya shaba ya kuivalisha kiunoni. Anasugua kutu ya kijani kwa siki na pamba, anaipachika, anafunga kifuniko kwa ukingo wa sarafu. Halafu anatabasamu peke yake kama mtu aliyesifiwa na halaiki.

Sasa, katika nyumba hiyo hiyo, chumba cha nyuma, anakaa mama yangu mzazi. Na mama anavaa mashine masikioni, kulia na kushoto, zinazokula betri hizo hizo. Nadhani mmeshaona tunakoelekea.

Mimi niliona mapema. Niliweka sheria: betri za kazi zikae mezani kwake, za mama zikae droo ya mama, na mtu asivuke mpaka. Mshale akala kiapo, mkono juu. "Mke wangu, mimi nimchukulie mama mkwe wangu kitu? Bora nikatwe mkono." Mkono anao mpaka leo.

Mama ana mdogo wake, mama mdogo wangu mimi. Walikuwa hawasemezani miaka mingi, na chanzo chake kilikuwa neno moja. Kulikuwa na wageni siku hiyo, mtu akamsemesha mama, mama hakujibu, na mama mdogo akadakia huku anacheka, "Mwacheni huyo kiziwi, hata nyumba ikiungua ataulizia chumvi." Watu wakaangua kicheko. Kwa bahati mbaya hilo mama alilisikia. Akachukua mkoba wake akaondoka, na tangu hapo hata salamu hawakupeana. Ndipo alipokubali kununuliwa mashine, yeye ambaye alikuwa akizikataa kila daktari akimshauri.

Basi Jumapili moja mama mdogo akanitumia ujumbe. Anahamia kwa mwanawe, nchi ya mbali, ndege ni Ijumaa, na huenda asirudi tena. Anaomba aje jioni aongee na dada yake. Nilipomwambia mama alisema tu, "Aje, nani kamzuia?" Lakini alioga mara mbili, akavaa gauni lake la buluu, akakaa sebuleni tangu mchana akijitia anasoma gazeti. Gazeti lenyewe la mwezi uliopita.

Na mchana ule ule akaja mpiga picha na kipima mwanga cha babu yake. Ana harusi jioni, kipima kimegoma, kinataka betri mbili. Mshale akafungua kopo lake: tupu. Maduka yamefungwa. Kusema "rudi kesho" kwake ni kama kung'olewa jino, basi akasema, "Subiri kidogo," akapita nyuma, akaingia chumba cha mama, akafungua droo. Pakiti ilikuwa ya mwisho, imebaki na betri mbili.

Kama angechukua tu, ningesema tamaa. Lakini bwana huyu alitoa betri mbili zilizochoka kwenye vipima vyake vya majaribio, akazibandika tena vile vibandiko vya bluu, akazirudisha ndani ya pakiti ili pengo lisionekane. Tena kabla ya hapo alizipima! Mshale wa kipima ukasimama pale pale panapotakiwa, roho yake ikatulia. Hakukumbuka kwamba kipima mwanga kinaonja tu, mashine ya sikio inakunywa. Betri iliyochoka inaweza kusukuma mshale na isiweze kulisha sikio. Hayo nayajua kwa sababu alinieleza mwenyewe baadaye, akiwa ameinamisha kichwa.

Mama mdogo aligonga mlango jioni. Mashine za mama zilikuwa zimeanza kulia ile milio ya njaa, akaenda chumbani haraka akabadilisha betri, akarudi. Salamu alizisikia. Wakaulizana hali, wakakaa. Mimi nikaenda kuandaa chai.

Nilirudi na sinia, nikasimama mlangoni, maana niliona si wakati wa kuingia. Mama mdogo alikuwa anaongea huku ameinamia kikombe cha maji, hamtazami dada yake. Sauti ilikuwa inamtoka kwa shida. "Lile neno limenitafuna miaka yote hii, dada. Nisamehe kabla sijaondoka."

 Mama akamwangalia, akatoa tabasamu lake la adabu, akasema, "Ndiyo hivyo tena, mdogo wangu. Ndiyo dunia." Halafu akanigeukia mimi: "Lete hiyo chai, inapoa."

 Mama mdogo aliinua uso. Akasema, "Nimeelewa," akachukua mkoba wake, akatoka. Chai hata hakuionja.

Nikamvaa mama bila breki. "Mama! Mtu kajishusha namna ile, unamjibu hivyo?" Mama akagusa masikio yake. "Zimezima. Zimezima mara tu tulipokaa. Alikuwa anasema nini?"

Nikainama sikioni nikapiga kelele, "Alikuwa anaomba msamaha!"

Sijawahi kuuona uso wa mama vile. "Sasa mbona hukumwambia kwamba husikii?" nikamuuliza. Akanitazama kama mimi ndiye mjinga wa nyumba. "Yeye? Katika watu wote nimwambie yeye kwamba sisikii?"

Akazitoa zile betri akaniwekea kiganjani. "Na ni mpya, nimezitoa kwenye pakiti sasa hivi." Nilizisogeza dirishani. Kiunoni, kila moja ilikuwa na mkwaruzo mwembamba wa duara, wa pete ya shaba.

Mshale alikuwa mezani kwake, anapiga mluzi. Nikaziweka mbele yake. Mluzi ukakatika. Kwanza akajikausha: "Betri za siku hizi nazo, mbovu mbovu." Nikamkazia macho. Akasema, "Zilipima vizuri, mke wangu, naapa." Nikamweleza kilichotokea sebuleni, neno kwa neno. Alishika meza kwa mikono miwili, na uso ukamshuka mpaka nikamwonea huruma, halafu nikajikanya nisimwonee.

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?" nikamuuliza.

"Nitamwambia. Kesho, nikishanunua mpya."

"Leo."

Hapo ndipo alipokumbuka, maskini, kwamba kiziwi huwezi kumnong'oneza. Alipiga magoti mbele ya mama, akaanza kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Mama, nilichukua betri zako."

"Nini?"

"Nilichukua betri zako, mama."

"Mwanangu, sikusikii, zimezima."

"NILICHUKUA BETRI ZAKO! NIKAKUWEKEA MBOVU! NI MIMI!"

Madirisha yalikuwa wazi. Jirani aliyekuwa anaanua nguo alisimama na shuka mkononi, na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akazima redio. Mshale alitamani ardhi ipasuke. Nilidhani mama atampiga na lile gazeti. Akasema tu, "Kamwambie na yeye." Akaingia chumbani kwake.

Jumatatu Mshale akanunua betri kasha zima, akazipeleka kwa mama bila kumtazama machoni, kisha akaenda kwa mama mdogo. Alimkuta amekaa juu ya sanduku analifunga. Akamweleza yote. Alinisimulia kwamba mama mdogo aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo hakusikia hata neno?" Akamjibu hata moja. Mama mdogo akajifunika uso kwa mikono. "Nilitumia miaka kuyatafuta yale maneno. Nimeyamaliza, baba. Siwezi kuyasema tena anisikie huku ananitazama."

Hata hivyo Alhamisi alikuja, siku moja kabla ya ndege. Wakakaa palepale. Mama ana betri mpya, anasikia mpaka jikoni maji yanavyochemka. Na kumbe ndiyo ikawa taabu. Mama mdogo anafungua mdomo, anafunga. Anaongelea mzigo, anaongelea baridi ya huko aendako. Macho yanamtoka. Mume wangu amesimama ukutani kama mtuhumiwa, anaona wazi kwamba yote yanaharibika tena, na yanaharibika kwa sababu yake.

Ndipo mama alipoinua mikono akazitoa mashine, moja baada ya nyingine, akafungua vifuniko vyake, akazitoa betri akaziweka mezani ili kila mtu azione. Akasema kwa ile sauti kubwa ya asiyejisikia, "Haya, mdogo wangu. Sema yote."

Mume wangu akaanza kunyata kwenda mlangoni. Mama akamnasa. "Wewe unakwenda wapi? Kaa hapa. Wewe ndiye uliyechukua masikio yangu, utasikiliza."

Akakaa. Na mama mdogo akasema. Alisema kwamba lile neno halikuwa mzaha. Alikuwa akimwonea dada yake aibu, aibu ya kuonekana naye mbele ya watu wake wapya wenye hadhi. Alisema alijua kabisa mama anasikia, na alilisema kwa sababu hiyo. Mimi nilimshukuru Mungu kwamba mama hasikii, maana mambo yale yangemchoma upya. Mama alikuwa amemshika mkono, anamtazama usoni tu. Mama mdogo akasema, "Nilijiambia hata hatajua kwamba nilikusudia," na hapo nikasikia mtu mwingine anapiga kwikwi, nikageuka. Mume wangu alikuwa analia bila kujificha, makamasi na yote, mtu mzima.

Mama mdogo alipomaliza, mama hakurudisha betri. Aligeuka kumtazama mkwe wake muda kidogo, akamwambia mdogo wake, "Basi, yameisha. Kama yamemliza huyu, yamenifika."

Wakakumbatiana. Mama mdogo naye alidhani maneno yake ndiyo yaliyomliza, mpaka kesho yake uwanja wa ndege alimshukuru Mshale kwa moyo wake laini. Hakuna aliyemsahihisha. Lakini mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, namjua. Machozi yale hayakuwa ya mama mdogo; yalikuwa ya ile droo.