Viatu vya Mlangoni kwa Mzee Bhaskar

Samli inayoungua kwenye taa ndogo ya shaba, na gundi ya viatu: harufu hizo mbili zikichanganyika, narudi Bomani, Tarime, nikiwa na miaka kumi. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Bhaskar, na kila Jumanne jioni Wahindu wachache wa mji walisali sebuleni kwake. Sitadanganya, mimi sikufuata sala. Nilifuata ladu mbili, vile vitamu vya mviringo vilivyogawiwa baada ya sala, nikazihesabu mara mbili ndipo nishukuru. Mzee ndiye aliyeongoza, kwa kuwa alizaliwa ukoo wa makuhani. Hilo halikunishangaza, kwetu Wakurya mgeni huulizwa ukoo hata hajakaa.

Babu Kanji, fundi viatu wa Nkende, hakuvuka kizingiti. Wazazi wake walikuwa watu wa kushika ngozi, na huko kwao watu wa ngozi waliwekwa chini kabisa. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemkaribisha. Aliketi mlangoni katikati ya viatu tulivyovua, akiimba sala kwa sauti ya chini, na kiatu kilichoachia alikishona hapohapo. Hakudai malipo, wala hakumwambia mwenye kiatu. Mimi nilihesabu mishono kwenye ndala yangu: tisa, yote imekaza. Nilimpenda kuliko ladu, nikatamani siku moja aingie.

Jumanne moja mwaka huo kifua kilimbana Mzee katikati ya sala, sauti ikakatika. Wote wakamtazama mwanawe Dilip, ambaye tayari alikuwa ameusogeza kwake mto anaokalia kiongozi wa sala. Huyo Dilip mita zake tano za kitambaa, mama akizipima nyumbani, zilikuwa nne na nusu.

"Kanji," Mzee akasema kwa shida, "njoo ushike taa."

"Mzee, mikono hii ni ya ngozi."

"Naijua. Imeshona viatu vyangu miaka yote bila kunitangazia."

Mke wa Dilip akaruka. "Baba! Kuhani huzaliwa. Tutasemwa mpaka Mwanza!"

"Anayezaliwa ni mtoto tu, mama. Kuhani ni mwenendo. Dini yetu inafundisha hivyo, mimi ndiye niliyechelewa kusikia." Akamgeukia mwanawe. "Dilip, kakae mlangoni, uangalie viatu."

Babu Kanji alinawa mara mbili, akaingia. Akashika taa, akaimba sala, safari hii kwa sauti ya juu. Nilifurahi hadi nikasahau ladu ya pili. Nilipotoka, mkanda wa ndala yangu, ulioachia nikiwa njiani kuja, ulikuwa vilevile. Dilip aliviangalia viatu kweli, aliviangalia tu.

Siku hizi nauza viatu vya mitumba hapo Nkende. Kwa Mzee panauzwa simu, na Babu Kanji alihamia kwa bintiye, tukapoteana. Wazee bado wananiuliza ukoo kabla ya bei. Lakini kila nikitoka nyumba ya watu, kabla ya kuvaa viatu huvigeuza, nikatafuta uzi mpya. Natazama mara mbili. Halafu navaa, naondoka.