Nyaya Mbili, Bomba Moja

Walimwita Fundi Waya. Alianzia kwenye nguzo za simu, enzi ambazo fundi hakutia saini karatasi ya njia mpaka aitembee kwa miguu, mwanzo hadi mwisho. Siku hizi njia hutembewa kwa kidole juu ya kioo.

Mpwa wake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika koleo, sasa alikuwa meneja. Kampuni yao ilitegemea waya mmoja kuunganisha mtandao wake na mitandao mingine. Ulipokatika, mji mzima ulinyamaza. Basi wakakodi waya wa pili, ili mmoja ukifa mwenzake ubebe mzigo. Fundi Waya akatakiwa asaini kwamba nyaya hizo hazikutani popote.

Akavaa buti, akatembea siku mbili. Karibu na daraja akafunua mfuniko wa zege. Nyaya zote mbili zilikuwa zimelala ndani ya bomba moja, kama mapacha tumboni.

"Mjomba, ramani inaonyesha zimeachana kilomita tatu," mpwa alisema.

"Aliyeichora alikuwa amekaa. Daraja ni moja. Ulitaka zivuke kwa kuogelea?"

"Huo wa pili tutauhamisha baadaye. Wewe saini tu."

"Mkono huu hausaini uongo."

Mpwa akasaini mwenyewe, na mjomba akapelekwa stoo kulinda misumari.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, mtambo wa kuchimba mitaro ukaling'oa lile bomba. Mpwa akaja stoo mbio, tai begani.

"Mjomba, zimekatika zote mbili!"

"Zile za kilomita tatu?"

Fundi Waya akashuka shimoni pale darajani, maji magotini, akaunga nyuzi za kioo za waya wa kwanza, nyembamba kama unywele, mmoja mmoja. Saa tisa mtandao ukarudi. Ofisini wakampigia makofi mhandisi aliyeshinda akitazama kompyuta.

"Bado wa pili, mjomba. Malizia tufunike."

Alijua ukiungwa humo, habari ya kuuhamisha itazikwa pamoja nao. Akaukunja mkia wa waya wa pili, akaufunga plastiki, akapanda juu.

"Huu siuungi humu. Utafutie kivuko chake."

"Ukiuacha hivyo, huna kazi."

"Na wewe huna waya wa akiba. Tuone nani atamtafuta mwenzake kwanza."

Akachuchumaa, akaanza kufuta vifaa vyake tope, kimoja kimoja.