Mkono wa Shija na Kamba ya Kisima

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu waliojaa uwanja wa shule, kwa hiyo asije mtu akanisaidia kuisimulia.

Mjukuu wangu Shija, ninayeishi naye hapa Kwihara, alikuwa mrushaji wa kuanza wa timu ya besiboli ya shule yao, maana yake mechi ikianza ni yeye anayesimama katikati na kuurusha mpira kwa nguvu ili mwenye gongo wa upande wa pili asiupate (mchezo wenyewe sikuuelewa, ila watu walikuwa wakimshangilia mtoto wangu, hilo nililielewa vizuri). Msimu ulipoanza, mechi zake tatu za kwanza wapinzani walipunga magongo hewani kama watu wanaofukuza nyuki. Walimu wakasema huyu mwisho wa msimu anakwenda timu ya mkoa.

Sasa mwalimu wao alikuwa na utaratibu wake, Shija akishaanza mechi moja mkono unapumzika siku nne, wenzake wawili wanapokezana kuanza hizo nyingine. Akaandika hadi barua, Shija akanisomea.

"Bibi, mwalimu anasema nisibebe kitu kizito."

"Barua hiyo itatuletea maji?" nikamuuliza, nikaikunja nikaibana chini ya mguu wa meza unaocheza. Kwangu mtu mwenye afya hakai bure. Nikamkabidhi kamba ya kisima, na kisima chetu ni kirefu, ndoo inavutwa kwa mikono mpaka juu. Akasema, "Haya, bibi." Hakunibishia hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Mechi yake ya nne mpira ukalegea. Ya tano wakaupiga mpaka barabarani. Mimi kwa akili zangu nikaona mkono haujakomaa, nikamwongezea ndoo za jirani yangu Mama Zuhura. Akaanza kumega ugali kwa mkono wa kushoto, nikamgombeza, adabu gani hiyo, akarudisha wa kulia, akawa anamega polepole kama mgonjwa (na mgonjwa alikuwa kweli, mimi ndiye sikuona).

Ikafika mechi ya mwisho, ile ya kuchagua wa mkoa. Shija akaanza. Mpira wa kwanza ukaanguka chini kabla ya kufika, wa pili vivyo hivyo, wapinzani wakawa wanapewa kituo cha bure mmoja baada ya mwingine, yaani wanasonga mbele bila hata kuupiga mpira, mwalimu akaingia kumtoa. Nikainuka. Mama Zuhura akanikamata khanga ya mabegani: "Shangazi, kaa!" Nikamwachia khanga, nikaingia uwanjani.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema.

"Marahaba. Mrudishe mtoto."

"Mkono wake umechoka, bibi."

"Uchoke na nini?" nikapaza sauti ili wote wasikie. "Hizo siku nne unazomkalisha, kwangu hakai! Ndoo ishirini kila siku, zangu na za Mama Zuhura!"

Mwalimu akamtazama Shija, Shija akatazama viatu vyake, na mimi ndipo nikasikia nilichokisema. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mpeni bibi glovu, arushe yeye!" wakacheka wote, nikageuka, ukanda wa ndala ukakatika, nikauvuka uwanja mzima mguu mmoja peku.

Mkoa walichukua mwingine. Mkono wa Shija mpaka leo haupandi juu ya bega, na kule zahanati hawakuniahidi kitu.

Juzi navuta maji, akaja akaishika kamba kwa mkono wa kushoto. "Bibi, nikusaidie."

"Kaa," nikamwambia.

Akanitazama kama hajasikia vizuri, maana neno hilo hakuwahi kulipata kwangu. Akakaa. Niliporudi ndani niliitoa ile barua, nikainyoosha kwa kiganja, nikamwambia anisomee tena, yote, mpaka mwisho. Meza sasa inamwaga chai kila asubuhi, na imwage.