Nani-Kasema na Chumba cha Nyuma

Huyu ninayemwandika ni Nani-Kasema, binti wa Fundi Viti, yule ambaye viti vyake vimebeba watu wazito wa mji huu na havijalia hata siku moja. Mjukuu wa Mshonaji, mama yangu mzazi, aliyevisha shule nzima sare kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu. Kitukuu wa Mkunga, aliyezalisha pacha jikoni maji ya mafuriko yakiwa magotini, kisha akadai chai yake. Mama yake Nani-Kasema alikuwa mdogo wangu. Alipofariki, mtoto akaletwa kwangu akiwa darasa la nne, nikamlea. Kwa hiyo habari zake siombi kwa mtu.

Jina hilo nilimpa mimi. Ukimwambia mvua inakuja, anauliza nani kasema. Ukimwambia mwalimu fulani mkali, nani kasema. Siku moja nikamwambia, "Mdomo huo utakukosesha mume." Akaniangalia kwa macho yake makubwa: "Nani kasema, Mama Mkubwa?" Mume alimpata, tena mpole, maskini ya Mungu.

Alifanya kazi idara ya maji, kwenye kaunta ya malalamiko, nyuma ya kioo chenye matundu ambamo watu humtukania mtumishi. Alikaa hapo miaka, watoto wakafika sekondari. Siku moja akaja kwangu, akavua viatu, akasema anarudi chuo kikuu kusoma shahada ya uzamili.

Nikafurahi. Nikauliza, "Ya uongozi? Ya fedha?"

"Ya falsafa, Mama Mkubwa. Falsafa ya Wayunani wa kale."

"Wa kale kiasi gani?"

"Miaka elfu mbili na zaidi."

"Na hao ndio watakaokuajiri?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Machale yalianza kunicheza siku ile ile. Mtu mzima, mwenye kazi ya serikali, hawezi kuamka tu akawapenda watu waliokufa zamani hivyo. Kuna namna.

Nikaanza kumchunguza. Nikienda kwake nakuta vikaratasi vimebandikwa kwenye kabati la vyombo, vina herufi kama wadudu waliokanyagwa. Anaosha sufuria huku ananong'ona. Kila Alhamisi anarudi ana chaki kwenye mkono wa gauni na uso umechangamka kama wa msichana. Mdogo wangu mwingine, Mama Pacha, akasema bila kumung'unya maneno: "Dada, hapo kuna mwanamume." Mimi niliwaza dini. Nilisikia hao Wayunani walikuwa na miungu mingi na wote wagomvi. Nikasema liwalo na liwe, nitakwenda nikaone kwa macho yangu.

Mlinzi wa getini akanizuia. "Bibi, unamtafuta nani?"

"Niliyemlea."

"Ana kosa?"

"Ndilo ninalokuja kuliangalia."

Akanifungulia, tena akanionyesha ngazi.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya tatu. Feni ina mapanga mawili badala ya matatu, dirisha moja limezibwa kwa boksi. Nilitegemea ukumbi, nikakuta wanafunzi wanne na profesa mmoja mwanamke, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Mwanamume aliyekuwemo ni kijana mwembamba mwenye mafua. Nikalifuta neno la Mama Pacha moyoni. Nikapewa kiti, nikakaa na mkoba wangu mapajani, nikasubiri waanze mambo yao ya siri.

Wakasoma sentensi moja. Moja! Huyu anasema neno hili limekaa hivi, yule anakataa, Profesa anawaambia rudini mwanzo. Jua likahama kutoka meza hii hadi ile, bado wamo humo humo. Nikajiuliza, hawa wanamficha nani? Watu hawakai juu ya maneno machache hivyo isipokuwa wanamngoja mgeni aondoke.

Labda Profesa aliusoma uso wangu. Akamwambia Nani-Kasema, "Mweleze mama unachokifanya."

Basi akasimama ubaoni akachora duara. "Mama Mkubwa, huyu ndiye bwana ninayemwandikia tasnifu. Aliandika vitabu vingi, vyote vimepotea. Tunamjua kwa yale waliyoandika watu wengine, na wengi wao hawakumpenda. Kuna sentensi moja tu ya mdomo wake mwenyewe, nayo imo ndani ya kitabu cha adui yake."

"Walisema nini juu yake?"

"Kwamba alikuwa mlafi. Wamesema watu wanne."

"Basi alikuwa mlafi," nikasema. "Watu wanne!"

Wakatabasamu wote, yule wa mafua akapiga chafya. Nani-Kasema akachora mistari. Huyu wa nne alinakili kwa wa pili. Wa tatu naye alinakili kwa wa pili. Wa pili alinakili kwa wa kwanza. "Sasa wako wangapi, Mama Mkubwa?"

Niliuona mtego, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia. "Mmoja."

"Na huyo mmoja alikuwa amegombana naye."

"Kwa hiyo hakuwa mlafi."

"Sikusema hivyo. Nasema hatujui."

Nilirudi nyumbani na mashaka zaidi ya niliyokwenda nayo. Nilijiambia, mtu aliyefundishwa hivi anaweza kumtetea mwizi yeyote akatoka mahakamani anapiga mluzi.

Na mwizi tulikuwa naye. Kaka yetu mdogo, Fundi Redio, hajakanyaga nyumba hii tangu mama yetu alipofariki. Mama alipokuwa mgonjwa kitandani, mashine yake ya kushonea ilitoweka chumba cha nyuma. Ikajulikana kwamba Fundi Redio kaiuza. Ikajulikana hata alichosema alipoibeba: "Mashine ya nini kwa mtu asiyeinuka?" Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo miaka yote hii. Tulimwondoa siku ya msiba, mlangoni, hajafungua hata kinywa.

Sasa ndiyo akaleta salamu. Nyumba aliyopanga inavunjwa mwisho wa mwezi, miguu yake imevimba, hana pa kwenda. Anaomba chumba cha nyuma. Nyumba ni yangu, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo neno lilikuwa langu.

Jumapili nikawaita Mama Pacha na Nani-Kasema. Mwenye Duka wa jirani, aliyekuja kuleta sukari, akaona mazungumzo ni matamu kuliko sukari yake, akavuta kiti mlangoni.

"Mwenye mkono mrefu akiingia yeye, natoka mimi," Mama Pacha akasema. "Nimemaliza."

"Mji mzima unajua," Mwenye Duka akadakia.

Nani-Kasema alikuwa akimenya chungwa. Bila kuinua macho akasema, "Nani kasema?"

Pale pale nikaunganisha mambo. Redio yake ilikuwa bubu mwaka mzima, na wiki iliyopita niliikuta inaimba. Nikamwambia, "Mjomba wako amekutuma. Nani alikutengenezea redio?"

"Mjomba."

"Si mnaona!" Mama Pacha akapiga makofi.

"Nilimpelekea redio kwa sababu ni fundi. Habari ya mashine sikumgusia, naye hakunigusia. Mama Mkubwa, wewe unakumbuka kuliko sisi wote. Nani alikwambia?"

Kukumbuka ndiyo kazi yangu. Nikamjibu pale pale: "Mama Pacha, jikoni, anachambua mchele, amejifunga kanga ya kijani."

"Na wewe, Mama Mdogo?"

"Mume wangu. Kuna ubaya?"

Mumewe, Shemeji Dereva, ni marehemu sasa.

"Na wewe, mzee?"

Mwenye Duka akajikuna kidevu. "Mimi... Dereva alikuja kununua sigara, akanieleza. Mimi nikawaeleza wateja. Duka ni duka."

Nikasubiri achore mistari yake. Hakuchora. Alikula pande moja la chungwa akauliza tena, taratibu, "Na yale maneno, mashine ya nini kwa mtu asiyeinuka. Nani aliyasikia yakitoka mdomoni mwa Mjomba?"

Mimi nilijua jibu, na Mama Pacha alijua kwamba najua. Dereva. Na mimi sisahau: mwezi ule ule Dereva na Fundi Redio walikuwa hawasalimiani, kwa sababu ya betri ya gari.

Damu ikanipanda. "Basi ni Dereva! Dereva ndiye aliyeiuza, akampaka mwenzake matope!"

"Dada!" Mama Pacha akasimama. "Marehemu wangu! Unamsema marehemu wangu!"

"Kaa, Mama Mdogo," Nani-Kasema akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kaunta, ya kumwambia mtu bomba lake litaangaliwa. "Hakuna aliyesema ni Baba Mdogo. Naye hayupo ajibu. Labda aliona kweli. Mimi siwaambii kwamba Mjomba hakuiba. Nawaambia tulidhani tuna mashahidi watatu, na tuna mmoja."

Mama Pacha akakaa, lakini alinigeuzia mgongo. Mwenye Duka akakumbuka duka lake.

Nikamwuliza huyu mtoto, nikiwa bado simwamini sawasawa, "Sasa nifanye nini? Nimpe chumba au nisimpe?"

Akafuta mikono. "Yule bwana wangu, Mama Mkubwa, ningetoa chochote nimuulize swali moja. Siwezi. Mjomba yuko vituo viwili vya basi kutoka hapa, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Nenda leo."

"Nenda wewe. Wewe ndiye msomi."

"Mimi niliambiwa tu, sikuwepo. Akisema mlango ulikuwa wazi, mimi nitajulia wapi? Wewe unakumbuka hadi rangi ya kanga. Muulize mashine ilikwenda wapi, kisha unyamaze. Usimsaidie maneno, usimkatize. Ukirudi, tuambie alichosema yeye, wala si ulichoelewa wewe. Halafu ndiyo uamue chumba."

"Na akinidanganya?"

"Basi utakuwa umedanganywa na yeye mwenyewe. Leo hatuna hata hicho."

Nilimkodolea macho nikitafuta alipoficha hila. Sikuiona, na hilo halikunituliza. Mama Pacha, bado kanipa mgongo, akasema, "Muulize na ile betri." Nikamwambia Nani-Kasema anisogezee viatu.