Mita Mgonjwa

Mafundi wenzake walimbatiza jina la Koleo, kwa sababu ya koleo lake la kukatia nyaya ambalo halikumtoka mkononi. Miaka kumi na tisa ya kukatia watu umeme, na hakuna nyumba iliyowahi kumshinda. Alijisifu sana, nao wakamwacha ajisifu.

Asubuhi ile alikuwa ameshamaliza mtaa mzima, ameegemea ngazi anajifuta jasho, simu ikaita. Alikuwa karani mpya wa ofisini.

"Shikamoo mzee. Ile nyumba ya geti la bluu umeiruka, sio? Nimekuandikia pembeni ya orodha: mgonjwa."

"Marahaba. Niiruke ya nini?" Koleo akacheka. Mafundi huita mita iliyoharibika "mgonjwa", tangu yeye angali mbeba ngazi. "Ndiyo niliyoanza nayo, binti yangu. Kesho naing'oa."

Binti akapiga kelele.

"Mzee, si mita! Ni mtu! Kuna mama anapumulia mashine, barua ya daktari ninayo hapa mezani!"

Koleo aliitupa ngazi akatimua mbio. Saa nzima ilikuwa imepita. Njiani akakumbuka mngurumo mdogo aliousikia dirishani, na jinsi ulivyonyamaza alipokata waya. Alidhani ni friji. Hofu ikamshika, mtu mzima analia barabarani.

Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mita, na vidole vyake, vile vyepesi alivyojivunia, vikaangusha skrubu mara mbili. Alipomaliza kuunga, mngurumo ukarudi. Lakini mashine hunguruma hata kama hakuna wa kuipumulia. Aliogopa kuchungulia dirishani.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mzee mmoja, mume wa mgonjwa, amekumbatia mtungi mdogo wa akiba wa hewa. Mshale wa kipimo chake ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Anapumua," alisema, machozi yakimtoka. "Umetuokoa, mwanangu. Kuna mtu asiye na utu alikuja kutukatia, hata hodi hakupiga. Mungu akulipe." Akauweka mtungi chini, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Koleo angeweza kunyamaza. Alitamani sana kunyamaza.

"Baba," alisema, "mtu huyo ni mimi."

Mzee akamtazama usoni, kisha akatazama koleo lililoning'inia kiunoni. Akauachia mkono.