Kisra ya Mjomba

Majuzi mwanangu alinitumia picha kutoka Ulaya: watoto wanacheza mpira juani, saa tatu usiku. Papo hapo nikasikia harufu ya vitunguu vya bibi, kwetu Koboko.

Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, mwaka wangu wa kwanza kufunga. Ilikuja barua ya mjomba, aliyepelekwa Ulaya kujifunza ufundi wa malori. Baba aliisoma kwa sauti: huko jua huzama saa tatu usiku. Bibi aliacha kukaanga.

"Mtoto yangu iko na njaa," alisema, akajifuta macho kwa leso.

Mimi nilidhani mfungo ni wa ukoo mzima, na hauishi mpaka wa mwisho afungue. Magharibi nilikunywa maji tu, nikaificha kisra yangu, ule mkate mwembamba wa mtama, chini ya ungo. Redio ya jirani ilipotangaza saa tatu niliila, ngumu kama ngozi, nikifurahi kwamba tunakula pamoja. Leo najua kwamba saa za Ulaya ziko nyuma ya zetu, na saa ile jua la mjomba lilikuwa bado linawaka.

Aliporudi nilimsimulia. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akachungulia jikoni aliko bibi.

"Mimi huko hapana funga hata siku moja," alininong'oneza. "Jua ya kule refu sana. Usiambie mama."

Jioni hiyo bibi alimpakulia mara mbili, kumfidia zile siku ndefu. Nilitazama sahani yangu, nikamega kisra.